UZI: Shangazi yangu ana kibuki. Kwa vitabu vya saikolojia, ni mgonjwa wa akili au si mgonjwa?

Mwana wa Ng'ambo (mleta uzi)

Asalaam alaykum wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake asijilazimishe.

Nasoma saikolojia mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Unguja. Wiki iliyopita tumeingia kwenye somo la maradhi ya akili. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni, kauliza tu: "Mgonjwa wa akili mnamjuaje?" Mikono juu. Mmoja kasema ni anayezungumza peke yake. Wa pili, anayeokota makopo Darajani. Wa tatu, anayefanya mambo ambayo watu hawafanyi. Wa nne kasema, "Anayebadilika sauti na kusema lugha asiyoijua." Darasa likaangua kicheko. Mimi nikanyamaza, maana huyo aliyetajwa ni shangazi yangu.

Shangazi ana kibuki, yaani sheitani wa kutoka Bukini (Madagaska) anayempanda mtu ngomani. Mwenye kujua anajua: kodiani ikishika na kayamba zikaitikia, haupiti muda keshapandwa. Mwanamke asiyekosa sala, ambaye harufu ya ulevi tu inamtapisha, anaitisha brandi kwa sauti ya kiume, anasema Kibuki, lugha ya huko Bukini, na watu wazima wenzake wanamwamkia kama mfalme wa Bukini. Kesho yake alfajiri yuko barazani anachoma vitumbua. Nimekaa naye pale mara nyingi. Mkono mmoja unageuza kwa spoku ya baskeli, mwengine unahisabu chenji, macho yako njiani yanamtafuta anayedaiwa. Hisabu haijampotea hata siku moja. Kasomesha watoto wanne kwa karai lile.

Nikenda maktaba kukitazama kitabu chenyewe. DSM ni mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani: toleo la kwanza 1952, la tano 2013, likafanyiwa marekebisho 2022. Shirika la Afya Duniani nalo lina wake, ICD, na toleo la 11 limeanza kutumika 2022. Darasani tunafunzwa kuangalia mambo manne: tabia iko mbali na desturi? Inamtesa mwenyewe? Inamshindisha kazi zake, malezi yake, kukaa kwake na watu? Inamtia hatarini yeye au wenziwe?

Kilichonisimamisha ni hiki. DSM yenyewe inasema kwamba jambo linalotarajiwa au linalokubalika katika utamaduni wa mtu, kama kumlilia maiti wako, si ugonjwa wa akili. Na mtu kukosana na jamii yake kwa siasa au dini nako si ugonjwa, isipokuwa pale ugomvi huo unapotokana na hitilafu ndani ya mtu mwenyewe.

Sasa shangazi tumuweke wapi? Na yule mwenzangu wa darasani nimjibu nini?

Pweza Mkavu

Uzi mrefu kama foleni ya boti kuamkia Idi. Nimeshakaa kitako, leteni kahawa.

Abu Layth wa Mkoani

Waalaykum salaam. Ndugu, majini yametajwa ndani ya Qur'ani, hayangojei ruhusa ya Mmarekani. Unampima shangazi yako kwa mizani ya watu wasioamini ghaibu, halafu unashangaa mizani inayumba.

Wazee wetu walishatenga zamani: kuna maradhi ya hospitali na kuna maradhi ya Kiswahili. La Kiswahili ukilipeleka hospitali, sindano inalikasirisha tu. Na hiyo ngoma ya brandi ni haramu, tusiitafutie utamaduni. Asomewe ruqya, kisomo cha Qur'ani, basi.

Maalim wa Chake

Shekhe Abu Layth, kwenye brandi nipo nawe. Lakini usiwazawadie Wamarekani kitu ambacho si chao.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi kafariki mwaka 934, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hiyo DSM ya kwanza. Kaandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na humo anawalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Huzuni kaigawa. Ipo ambayo sababu yake inajulikana, umefiwa au umepoteza kitu ukipendacho, na dawa yake ni maneno, fikra na watu. Na ipo inayomshukia mtu bila ya yeye kujua imetokea wapi, na hiyo kaihusisha na mwili, akataka itibiwe kwa njia ya mwili. Muislamu huyo, na hakusema kila huzuni ni jini.

Bi Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi wodi ya akili miaka ishirini na saba. Sasa nafuga kuku, kwa hivyo nina wakati wa kuwajibu.

Mwanangu wa Ng'ambo, mwalimu wako kakufunza vizuri, lakini hayo manne si ya kutia tiki ukajumlisha. Kila moja likisimama peke yake linakudanganya.

Chukua hilo la kuwa mbali na watu. Kwenye vipimo vya akili wastani ni 100. Aliye chini ya 70 au hapo karibu, na maisha ya kila siku yanamshinda, anahesabiwa ana ulemavu wa akili. Lakini 130 iko mbali na wastani vilevile, upande wa pili, na huyo tunampa zawadi skuli. Kwa hivyo uchache peke yake si maradhi.

Mateso? Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, nyumba ngapi zililia? Walioshindwa kula na kulala siku zile hawakuwa wagonjwa, walikuwa watu. Na upande wa pili, nimepokea vijana waliopanda juu kwa bipola, maradhi ya moyo kupanda mno kisha kuanguka: kalala masaa mawili tu usiku kucha, anacheka, kagawa mtaji wa duka kwa wapita njia, anakwambia hajawahi kuwa mzima kama leo. Hateseki hata chembe. Wanaoteseka ni mke na watoto.

Hatari ndiyo inayonikera zaidi. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, wao ndio wanaopigwa. Mnaokumbuka Popobawa, lile sheitani lililosemwa linawavamia watu usiku, mwaka 1995 mnakumbuka: kulianza Pemba, kukavuka Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi kwa khofu ya kukabwa ndani. Mimi mwenyewe nimelala uani na watoto, kanga juu ya mkeka, mbuzi wa jirani ananitafuna ushungi. Na katika fadhaa ile mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa Unguja na waliomdhania ndiye Popobawa mwenyewe. Sasa niambieni, hatari ilikuwa nani?

Na khofu ile nayo mnaiitaje? Mtu kuamka usiku, kifua kizito, kiungo hakitikisiki, anahisi kuna kitu juu yake: hilo ni jinamizi, wazee wanalijua. Wakati wa usingizi wa ndoto misuli hufungwa, na mara nyengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Linampata mtu mzima kabisa, hasa aliyekosa usingizi. Kisiwa kizima kilikuwa kimekosa usingizi. Hapakuwa na kisiwa cha wagonjwa.

Kwa shangazi yako sasa. ICD haikatai kwamba watu hupandwa. Inaiita ugonjwa pale tu inapomjia mtu bila ya kutaka, nje ya desturi na ibada za watu wake, ikamtesa au ikamharibia maisha. Sheitani la shangazi yako lina saa zake. Linaitwa kwa kodiani, linakuja, linaagwa, linaondoka, na vitumbua havilali. Niliowaona mimi wodini, lao halina saa.

Kipanga

Bi Nesi, heshima yako, lakini hapa kuna mtu hamjamtaja: aliyeshika kalamu.

Mwaka 1851 huko majimbo ya kusini ya Marekani, daktari anaitwa Samuel Cartwright kaandika kuwa kagundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa wakimbie mabwana zao. Kaupa na jina la Kigiriki, drapetomania. Katika kinga alizoshauri, fimbo ilikuwemo. Wakati anaandika hayo, hapa kwetu soko la watumwa liko wazi, halikufungwa mpaka 1873. Kwa kalamu ya Cartwright, babu aliyetoroka shamba la mikarafuu ni mgonjwa, na aliyemtia mnyororo ndiye mwenye akili timamu. Na huyo hakuwa mlevi wa mtaani, alikuwa na shahada yake.

Baadaye Urusi ya Kisovieti wapinzani wa serikali wakaandikiwa "skizofrenia inayokwenda polepole" (skizofrenia ni ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo ya kweli) na kufungiwa hospitali. Halafu 1973, David Rosenhan, Mmarekani, katangaza utafiti wa watu wanane wazima waliokwenda hospitali 12 wakidai wanasikia sauti. Wote wakalazwa. Wakishaingia wakaishi kama kawaida, na bado wakazuiliwa, wa chache siku 7, wa nyingi 52. Mmoja akiandika daftari lake, muuguzi anajaza kwenye faili kama ni dalili.

Daktari Thomas Szasz alisema tangu 1961 kwamba "ugonjwa wa akili" ni jina tunalowapa watu wenye matatizo ya kuishi. Nani kamjibu?

Bi Nesi Mstaafu

Kipanga, Cartwright na Wasovieti nakupa, na ndiyo maana lile sharti la siasa na dini aliloleta mwanangu limo kitabuni. Halikuingia hivi hivi.

Rosenhan mshike kwa tahadhari. Mwaka 2019 mwandishi mmoja wa habari wa Marekani kaufukua utafiti ule na kukuta mengi hayaendani na kumbukumbu zilizobaki. Lakini mshindo wake ulikuwa mkubwa. DSM ya tatu, 1980, ndiyo iliyoleta orodha za dalili na muda, ili madaktari wawili wakimuona mtu mmoja waweze kukubaliana.

Szasz nilimsoma nikiwa mwanafunzi nikampenda sana. Halafu nikapangwa zamu ya usiku.

Pweza Mkavu

"Halafu nikapangwa zamu ya usiku" 😂😂 Bi Nesi kamaliza kesi.

Mama Nuru

Samahanini, si msomi, nasoma tu. Swali langu kwa Bi Nesi.

Mume wangu kafariki mwaka juzi. Nikakaa eda yangu miezi minne na siku kumi. Kwenye mwezi wa pili silali, sili, kila kitu naona kizito, nikisikia pikipiki jioni nainuka kumfungulia mlango. Kijana mmoja wa ukoo, kasoma, kamwambia dada yangu nina sonona na ni ugonjwa. Nilichukia. Nilikuwa mgonjwa?

Bi Nesi Mstaafu

Mama Nuru, Mungu amrehemu marehemu. Siwezi kukupima hapa, ila nakueleza ugomvi wenyewe ulivyo, maana hata wao hawajapatana.

Kwa kitabu, sonona ni dalili tano au zaidi katika tisa, kwa wiki mbili mfululizo, na lazima mojawapo iwe huzuni au kutopata raha ya kitu chochote. Nyengine ni usingizi, chakula, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kufikiri, mwili kuwa mzito au kutotulia, kufikiria kifo. Zamani kulikuwa na kifungu: aliyefiwa asiharakishwe kuandikiwa sonona miezi miwili ya mwanzo. Mwaka 2013 wakakitoa. Wengine wakasema vizuri, kwa sababu mfiwa naye anaweza kuwa na sonona ya kumuua. Wengine wakasema mnataka kuuza vidonge matangani.

Halafu 2022 wakaongeza jina jengine, msiba usiokwisha: mtu mzima ambaye baada ya mwaka mmoja bado kila siku moto ni uleule na maisha yamesimama. ICD wao wamesema miezi sita. Unaona? Bahari moja, na kila nahodha na dira yake.

Kwangu mimi nisingekuuliza unalia? Ningekuuliza, akija mjukuu anakuchekesha hata kidogo? Na unajilaumu au unamkosa tu?

Mama Nuru

Namkosa tu. Na mjukuu ananichekesha.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumba nzima, wakaniogesha, wakanivisha nguo mpya, wakanitia udi. Nilitoka mpaka mlangoni nikaona jua kali. Sikupona siku ile, lakini nilijua kuna siku.

Bipola Sugu

Nilikuwa nasoma kimya, sasa niseme.

Mimi ni mmoja wa hao vijana wa Bi Nesi. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22. Nilipaka rangi nyumba ya baba buluu usiku mmoja, nje na ndani, na mlango, na bomba la maji. Nikafungwa kamba. Nikapelekwa kwa mganga, nikafukizwa, nikachanjwa. Siwalaumu, walitumia pesa ya karafuu ya mwaka mzima kwa ajili yangu. Nilitulia, kila mtu akasema kapona. Baada ya miezi mitano nikaanguka upande wa pili, sitoki kitandani.

Nilipopewa jina la ugonjwa, Kipanga, sikuhisi kufungwa. Nilihisi kuna mtu mwengine kapita njia hii mpaka wakaiwekea jina. Kinachonifunga mimi ni jina jengine, lile la mtaani. Mtu anakosana nami bei ya samaki, ananambia "rudi Kidongo Chekundu", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka minane niko sawa na vidonge vyangu, lakini nikicheka kwa sauti harusini naona watu wanatazamana.

Mwana wa Ng'ambo

Bipola Sugu, ahsante kaka.

Umenikumbusha jambo la darasani, na hili litamfurahisha Abu Layth. Mmarekani mmoja, Juli McGruder, katika miaka ya 1990 kakaa na familia za hapa Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia. Kaona kwamba kwa sababu nyumba inaamini ni masheitani, mgonjwa mwenyewe halaumiwi. Akizidi anavumiliwa, akitulia anarudishiwa kazi zake za nyumbani bila mjadala. Na utafiti uliotokea London na kwengineko umeonesha mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya makelele na lawama huanguka tena upesi zaidi. Kwa hivyo imani inaweza kuwa dawa ya nyumba, hata kama si dawa ya ubongo.

Abu Layth wa Mkoani

Sikufurahi wala sikununa. Lakini la kufunga kamba halimo katika dini, na mimi nimeliona likifanywa kwa jina la dini. Kaka Bipola, utuwie radhi.

Kijana wa Konde

Naomba msaada, si mjadala. Mdogo wangu ana miaka 20. Tangu mwezi wa mfungo kaacha kwenda bandarini. Anasema redio inamtaja yeye kwa mafumbo. Wiki iliyopita kaitumbukiza kisimani. Chakula cha mama hali, anasema kina kitu. Tumeshamwita mtu wa kumsomea mara tatu. Hachezi wala habadiliki sauti kama wenye masheitani, anakaa tu anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii. Sasa huyu kwa hesabu zenu yuko wapi?

Bi Nesi Mstaafu

Mwanangu, wacha jina kwanza. Nijibu haya: analala? Kapata homa kabla ya hapo, au kaanguka, au kagonga kichwa? Anavuta bangi au anatumia unga? Kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuwa hivi? Kasema anataka kufa au kumdhuru mtu?

Kijana wa Konde

Halali, usiku anazunguka ua. Homa sijui. Bangi alikuwa anavuta na wenzake, siku hizi hatoki. Ami yetu mmoja alikuwa hivi, alifia Tanga. Kufa hajasema.

Bi Nesi Mstaafu

Basi msingoje. Kesho asubuhi, hospitali iliyo karibu nanyi, hamna haja ya kuvuka bahari kwanza. Waambie hayo hayo uliyoniandikia, na usisahau ami na bangi. Watampima damu, kwa sababu malaria na maradhi mengine ya mwili yanaweza kumfanya mtu hivyo. Usikubali akuambie mtu "skizofrenia" siku ya kwanza: ICD inataka dalili zikae mwezi mzima, DSM inataka ishara za miezi sita, na bangi nayo inaweza kuiga. Lakini matibabu hayangoji jina. Kila mwezi anaokaa bila kutibiwa kurudi kunakuwa kuzito zaidi.

Aende na mtu anayemuamini. Msimwambie redio haisemi, na msimwambie inasema. Mwambieni mnaona halali na mnataka alale. Akisema anataka kufa, au akiinua mkono juu ya mtu, ni saa ile ile, si kesho.

Bipola Sugu

Na msimfunge kamba. Kama hakuna gari nitafute ujumbe wa faragha, nina shemegi ana gari ya abiria Wete.

Kijana wa Konde

(siku nne baadaye)

Tumekwenda. Shemegi wa Bipola Sugu katupeleka, pesa ya mafuta kakataa. Malaria hana. Daktari hakutaja ugonjwa, kasema mapema. Kampa vidonge vya usiku, turudi baada ya wiki mbili. Mama kauliza kuhusu kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Qur'ani, daktari kasema mpeni, ila vidonge visiachwe.

Redio bado hataki kuiona. Jana kalala mpaka adhana ya alfajiri.

Bi Nesi Mstaafu

Chakula je?

Kijana wa Konde

Cha mama bado. Leo nimechemsha muhogo mwenyewe mbele yake, nikala wa kwanza. Kala vipande viwili.